Ndugu Yangu Aliniambia Kifua Kinambana



Leo sikuletei mahubiri. Nakuletea ungamo. Nimeliandika mara nne na kulifuta mara nne, mpaka mama mchungaji akaniambia nikilifuta tena ataliandika yeye. Kwa hivyo nakuomba usome mpaka mwisho, hasa wewe baba uliyepita miaka 40 na una raba za mazoezi pale mlangoni. Na wewe mama ambaye mume wako hapendi kusikia habari za hospitali, msomee akiwa anakunywa chai.

Wengi wenu mnakijua kile kikundi chetu cha wababa wa Jumamosi. Kilianza mwaka 2020, makanisa yalipofungwa kwa sababu ya korona. Tulikuwa wanne tu. Mwaka uliotangulia, tarehe 12 Oktoba, tulikuwa tumekaa mbele ya televisheni tukimtazama Eliud Kipchoge kule Vienna akimaliza kilomita 42 kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40, na kila mmoja wetu akajiambia moyoni kwamba mbio ziko kwa damu yetu. Si sisi ni watu wa Rift Valley? Iten si ni hapo tu? Lakini Kipchoge hajala harusi zote ambazo mimi nimekula. Mnajua vile mchungaji analishwa. Kila nyumba ni chai ya maziwa na mandazi, kila sherehe ni pilau na nyama, na ukikataa mwenye nyumba anahuzunika. Nilikuwa na miaka 46 na kilo 98.

Tukaanza polepole. Saa kumi na mbili asubuhi tunakutana Milimani, tunaomba, tunapanda kuelekea Menengai. Mji wetu uko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Menengai unafika mita 2,278. Huo si mchezo. Ni mlima ambao wengi wenu mnaujua kwa magoti, kwa maana mmeenda kwenye mapango ya kule kufunga na kuomba. Sisi tukaujua kwa miguu. Kilo zikashuka. Wababa wakaongezeka, tukafika kumi. Ndoa zingine zikapona kwa sababu mume alianza kulala usiku na kuamka na furaha. Nilimshukuru Mungu kwa kikundi hicho, na hata leo namshukuru.

Sasa ungamo lenyewe.

Mwaka jana, Jumamosi moja, mmoja wa wale wanne wa kwanza alisimama katikati ya mlima. Sitamtaja jina, na mke wake amenipa ruhusa ya kusimulia haya. Alikuwa na miaka 53. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kufika mapema na kupanga viti bila kuambiwa. Aliweka mkono kifuani, akanisubiri nimfikie, akaniambia kwa sauti ya chini ili wengine wasisikie: "Pasta, kifua kinanibana. Nikipanda kinabana, nikisimama kinaachilia. Wakati mwingine inakuja mpaka kwa taya. Hii ni wiki ya tatu."

Nikamwekea mkono palepale barabarani, nikaomba. Kuomba hakukuwa kosa. Kosa lilikuwa kile nilichosema baada ya Amina. Nilimwambia, "Hiyo ni gesi tu, ndugu. Na kama si gesi, ni adui anataka kukutoa kwa mbio. Usimkubalie. Twende."

Akatabasamu, akaja. Alikuja kwa sababu mimi ndiye niliyesema.

Wiki mbili baadaye, Jumamosi, alianguka mbele yetu tukiwa karibu kufika juu. Hakulia, hakushika kitu, alianguka tu kama mtu aliyekanyaga shimo. Tulikuwa wanaume tisa tuliobaki tumesimama. Tulimzunguka. Tuliomba kwa lugha, tulikemea mauti, tulilia. Mmoja akakimbia kutafuta gari. Na nataka usikie hili vizuri, mpendwa: katika wanaume tisa waliookoka, hakuna hata mmoja aliyejua kumbonyeza kifua. Hakuna. Gari lilipopatikana na tukafika hospitali, daktari alimwangalia akatuambia ameshakwenda. Familia ilikubali mwili uchunguzwe, na ikaonekana mshipa mkubwa unaolisha moyo ulikuwa umeziba.

Tukamzika shambani kwao upande wa Molo. Nilihubiri mimi. Baada ya maziko mke wake aliniita kando, karibu na tangi la maji, akaniuliza, "Pasta, kuna siku aliwahi kukuambia anaumwa? Maana mimi hakuniambia."

Nikasema, "Hapana, mama."

Nilidanganya mjane siku ya maziko ya mume wake, nikiwa na Biblia mkononi.

Miezi miwili nilibaki na huo uongo. Nilikuwa nikisimama madhabahuni naona mahali alipokuwa akikaa. Nikaacha kukimbia, nikawaambia watu goti linauma. Usiku mmoja nilimweleza mama mchungaji yote. Hakunikemea. Alisema tu, "Kesho tunaenda Molo." Tukaenda. Nikamwambia yule mama ukweli wote, maneno yote niliyosema mlimani, hata ile ya gesi. Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Alikuwa anakuamini kuliko daktari." Hakusema kwa hasira. Akamimina chai, akanipa kikombe, akaongeza: "Kukusamehe nitakusamehe, Mungu atanisaidia. Lakini usiniombe msamaha halafu uende nyumbani. Enda upimwe wewe mwenyewe. Halafu uwaambie wababa wengine hivi vyote umeniambia."

Ndiyo sababu unasoma maneno haya.

Nilienda kupimwa katika hospitali moja hapa Nakuru. Sikuwa na maumivu yoyote. Daktari alikuwa binti mdogo, anaweza kuwa mtoto wangu. Akaniuliza kama navuta sigara, nikasema hapana, Bwana asifiwe. Akapima presha, akakunja uso kidogo. Akaniuliza, "Pasta, baba yako yuko hai?" Nikasema alifariki. "Alifariki na nini? Akiwa na miaka mingapi?"

Hapo nikanyamaza. Baba yangu alianguka shambani Njoro akiwa na miaka 56, asubuhi, jembe mkononi. Kijijini walisema amerogwa. Mimi nilipookoka niliacha habari za uchawi, nikazikemea kabisa, lakini katika miaka hiyo yote sikuwahi kuuliza ni ugonjwa gani uliomuua. Nilitupa jibu la uongo na sikutafuta la kweli. Yule binti akaandika kwenye karatasi yake, akaniambia mtu ambaye baba au ndugu yake wa kiume alipata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, lazima aangaliwe kwa makini. Wangu alikuwa amepita huo mstari kwa mwaka mmoja tu, akasema, na mstari si ukuta.

Kisha akanieleza kipimo chenyewe, na mimi nitakueleza wewe kwa sababu wengi tunaogopa kitu tusichokijua.

Moyo ni msuli, na una mishipa yake midogo inayouletea damu. Mishipa hiyo inaweza kuanza kujaa mafuta pole pole kwa miaka mingi bila kukuambia. Ukiwa umekaa, damu kidogo inatosha, kwa hivyo husikii kitu, na hata ile ECG ya kulala kitandani inaweza kutoka safi. Ni kama lori. Lori linaweza kutoka Gilgil mpaka Nakuru vizuri kabisa, dereva akipiga mluzi. Lakini lipakie magunia ya mahindi, ulipandishe kutoka Salgaa kwenda Sachangwan mpaka Mau Summit. Hapo ndipo injini inasema ukweli. Sasa kipimo hiki kinaupandisha moyo wako Sachangwan, lakini mekanika akiwa amekaa kando yako na vifaa vyake vyote.

Walininyoa nywele za kifua sehemu kadhaa, wakanibandika vibandiko kumi vyenye nyaya. Wakanifunga kile kitambaa cha presha mkononi. Nikapanda kwenye mashine ya kukimbilia, tredimili. Utaratibu wanaoutumia wengi unaitwa wa Bruce, kwa jina la Robert Bruce, daktari wa Seattle, Marekani, aliyeueneza miaka ya 1960. Kila dakika 3 mashine inaongeza mwendo na inainua mlima. Unaanza kwa kilomita 2.7 kwa saa, ambayo ni mwendo wa mama mzee akienda soko, lakini mlima tayari ni wa asilimia 10. Unaenda kilomita 4 kwa saa, mlima wa asilimia 12. Halafu 5.5, asilimia 14. Halafu 6.7, asilimia 16. Nilicheka mwanzoni. Dakika ya tisa sikuwa nacheka.

Wakati wote huo daktari anatazama mambo kadhaa. Anatazama mapigo yako yanapanda namna gani. Kuna hesabu wanayotumia: 220 utoe miaka yako. Mimi nina 51, kwa hivyo 169, na walitaka nifike angalau asilimia 85 ya hiyo, yaani kama 144. Anatazama presha, maana inatakiwa kupanda ukikaza mwendo, na ikianza kushuka ni dalili mbaya. Anatazama mstari wa ECG, kwa sababu moyo ukikosa damu ya kutosha kuna sehemu ya mstari huo inayoshuka chini ya mahali pake. Na anakuuliza kila mara: Kifua kinabana? Kichwa kinazunguka? Unataka tusimame?

Mpendwa, aliponiuliza mara ya kwanza "Kifua kinabana?", machozi yalinitoka juu ya ile mashine. Kumbe ni swali la sekunde mbili. Mimi nilikuwa nimejibiwa kabla ya kuuliza, na bado sikusikia.

Nilifika dakika ya kumi na kidogo. Sikusikia maumivu yoyote. Lakini presha yangu ilipanda kuliko inavyotakiwa, na mwishoni mstari ulishuka kidogo. Nikauliza, "Daktari, nina ugonjwa?" Akasema jambo ambalo nataka ulishike. Alisema kipimo hiki si nabii. Kinaweza kuonyesha tatizo ambalo halipo, na kinaweza kumpitisha mtu ambaye ana tatizo, hasa kama mshipa umeziba nusu tu. Kinampa daktari sababu ya kuangalia zaidi, au sababu ya kukuruhusu kwa hekima. Wangu ulimpa sababu ya kuangalia zaidi. Nikatumwa Nairobi kupigwa picha ya mishipa ya moyo, na ikaonekana mmoja umeanza kuwa mwembamba. Haukufika pa kufanyiwa upasuaji. Nilipewa dawa ya presha na dawa ya kolesteroli, nikaambiwa nirudi kwa mazoezi hatua kwa hatua.

Kwa hivyo ndiyo, pasta wako anayekuwekea mikono anameza vidonge kila asubuhi baada ya maombi. Sijapungukiwa na imani. Nimeongezewa hekima, na nafasi ambayo ndugu yangu hakuipata.

Najua kuna mtu anasema moyoni, "Lakini Pasta, wewe mwenyewe ulihubiri habari ya Mfalme Asa." Ni kweli. Kwenye kesha moja nilisoma 2 Mambo ya Nyakati 16:12 na kupiga kelele juu ya mfalme aliyeugua miguu akawaendea waganga. Naomba mnisamehe kwa namna nilivyoisoma. Kosa la Asa halikuwa kumwona mganga, lilikuwa kwamba alikuwa amemwacha Mungu, hata ugonjwa haukumrudisha. Soma 2 Wafalme 20. Hezekia aliomba akilia, Mungu akamwongezea miaka 15, na katika sura hiyohiyo Isaya akaagiza watu watengeneze dawa ya tini wamweke kwenye jipu. Ahadi ilikuwa imeshatoka kwa Mungu, na dawa ikawekwa bado. Luka aliyeandika Injili tunayoihubiri alikuwa tabibu, Paulo anasema hivyo katika Wakolosai 4:14. Na shetani alipomwambia Bwana wetu ajirushe kutoka juu ya hekalu kwa kuwa malaika wangemshika, Bwana alikataa. Soma Luka 4. Kumwambia mtu ambaye kifua kinabana "panda tu, Mungu atakushika" si imani. Ni ile sauti ya juu ya hekalu. Na siku ile mlimani ilitoka kwa kinywa changu.

Wengine wenu mnamkumbuka Fabrice Muamba, kijana aliyezaliwa Kinshasa na kucheza mpira Uingereza. Tarehe 17 Machi 2012, akiwa na miaka 23, alianguka uwanjani London akiichezea Bolton dhidi ya Tottenham. Moyo wake ulikaa dakika 78 bila kupiga wenyewe. Watu wakaomba dunia nzima. Lakini kabla ya maombi yetu kufika mitandaoni, watu wa huduma ya kwanza walikuwa tayari wanambonyeza kifua, na daktari wa moyo, Andrew Deaner, aliyekuwa amekuja kama shabiki tu, alishuka kutoka jukwaani akaingia uwanjani kusaidia. Muamba yuko hai mpaka leo. Niambie, nani alimkalisha daktari huyo kwenye kiti kile siku ile? Sisi tuliokoka tunajua jibu. Ukiomba Mungu atume msaada, usimfukuze akija amevaa koti jeupe.

Na kuna Mmarekani, James Fixx, ambaye daktari wangu alinisimulia. Alikuwa mnene na mvutaji sigara, akaacha sigara, akaanza kukimbia, na mwaka 1977 akaandika kitabu cha mbio kilichowatoa watu wengi kwenye viti vyao. Baba yake alikuwa amekufa kwa moyo akiwa na miaka 43. Daktari Kenneth Cooper wa Dallas aliandika baadaye kwamba Fixx alitembelea kliniki yake miezi michache kabla ya kufa, akapewa nafasi ya kupimwa kwenye tredimili, akakataa. Tarehe 20 Julai 1984 alikufa akiwa mazoezini, akiwa na miaka 52. Mishipa yake ya moyo ilikutwa imeziba vibaya. Mbio hazikumuua, pengine zilimwongezea miaka juu ya ile ya baba yake. Lakini alidhani kwamba kwa kuwa anakimbia, moyo wake hauwezi kuwa mgonjwa. Wababa, si hivyo ndivyo tunavyofikiri sisi?

Sasa sikiliza kwa utaratibu, ili usitoke hapa na hofu.

Usiache mazoezi. Mtu anayefanya mazoezi mara kwa mara ana hatari ndogo ya ugonjwa wa moyo kuliko anayekaa. Paulo alimwambia Timotheo faida yake ni kidogo ukilinganisha na utauwa, lakini hakusema hakuna. Hatari iko kwa yule ambaye amekaa miaka 20 kwenye kiti, halafu Jumamosi moja anataka kushindana na vijana.

Si kila mtu anahitaji kile kipimo cha tredimili. Kama wewe ni mzima, huna dalili, presha na sukari ziko sawa, na unatembea kwa mwendo wa kawaida, daktari anaweza kukuambia huhitaji. Lakini kama umepita miaka 40 na unataka kukimbia kwa nguvu, na una presha, au sukari, au kolesteroli, au unavuta au uliwahi kuvuta sigara, au kuna mtu wa kwenu aliyekufa ghafla, muulize daktari kabla ya kuuliza bei ya raba. Kwa vijana, anayeanguka ghafla uwanjani mara nyingi ana kasoro ya moyo ya kuzaliwa au ya kurithi. Kwa sisi tuliopita miaka 35, mara nyingi ni mishipa kuziba.

Anza na kidogo ulicho nacho uwezo. Kupima presha hakuhitaji kwenda Nairobi. Hospitali na vituo vya afya viko Njoro, Molo, Elburgon, Bahati, Gilgil na Naivasha. Uliza pia kama SHA yako inasaidia.

Ukiwa na kifua kinachobana ukipanda mlima, au maumivu yanayoenda kwa taya, bega au mkono, au pumzi inakuishia kuliko zamani, au ulizirai ukifanya mazoezi, simama. Usimalize hiyo raundi. Kamwone daktari wiki hiyo hiyo. Na ikiwa kinabana umekaa tu na hakiachilii, na jasho baridi linakutoka, hiyo si ya kungojea kliniki. Ni hospitali sasa hivi. Akina mama, kwenu wakati mwingine inakuja kama uchovu mkubwa au kichefuchefu, kwa hivyo msijidharau.

Na mtu akianguka mbele yako, hajibu na hapumui vizuri, mtume mtu mmoja apige 999 au 112 na kutafuta gari. Wewe piga magoti kando yake, weka mikono katikati ya kifua, bonyeza kwa nguvu na haraka, mara 100 mpaka 120 kwa dakika, ukiacha kifua kirudi kila mara. Ukichoka mwingine ashike. Omba kwa sauti, omba kwa lugha, lakini omba ukiwa unabonyeza. Mungu anasikia maombi ya mtu ambaye mikono yake ina kazi.

Wale wababa tisa sote tumefundishwa kufanya hivyo. Kikundi kimerudi mlimani, na sasa kuna sheria: hakuna anayepanda kabla hatujaona karatasi yake ya presha, na mtu yeyote akisema kifua kinabana, tunageuka sote tunashuka naye. Mimi nakimbia nyuma siku hizi. Nimepata kuijua ile barabara vizuri zaidi kwa mwendo huu.

Jumapili ya kwanza ya kila mwezi, baada ya ibada, muuguzi wetu anapima presha pale mlangoni bila malipo. Aliyekaa kando yake akiandika namba kwenye daftari ni yule mama kutoka Molo. Aliomba mwenyewe apewe hiyo kazi. Ukipita bila kupimwa atakuita, na nakushauri uitike.

Daudi, katika Zaburi ya 139, alimwomba Mungu amchunguze na kuujua moyo wake. Tumeliomba hilo mara nyingi tukiwa tumeinua mikono. Basi mtu asiyeogopa kuchunguzwa na Mungu, aogope nini mashine yenye nyaya kumi?

Tuombe. Baba katika jina la Yesu, asante kwa moyo huu ambao umepiga usiku wote nikiwa nimelala na sikuufanyia chochote. Nisamehe mahali niliposema kwa niaba yako bila kukuuliza. Mpe nguvu mjane, walinde yatima. Baba yule anayesoma hapa ambaye ameficha maumivu ili asionekane dhaifu, mpe ujasiri wa kumwambia mke wake leo, na daktari kesho. Wabariki madaktari na wauguzi wa kaunti hii. Tupe siku zetu zote ulizotupangia, wala tusizikate kwa kiburi. Amina.

Kama umeomba nami, andika Amina hapa chini. Halafu mtumie ujumbe huu baba mmoja, yule uliyemfikiria ulipokuwa unasoma. Ulimfikiria kwa sababu.

Mbarikiwe sana. Tuonane Jumapili, na uje na mkono wa shati unaokunjika.